Chupa Iliyoonja Ziwa

Mlio ulikuja kabla ya taa.

Ulikuwa mwembamba, wa kukatikakatika, kama cherehani inayojaribiwa na fundi asiye na haraka. Ukanyamaza. Kisha ukaja tena, safari hii haukukatika, na Anangisye akaacha ubeti wake katikati.

"Umesikia, Dokta?"

"Nina masikio. Maliza ubeti."

Katika Nyumba ya Wajina hakuna aliyeruhusiwa kuwasha taa kabla ubeti haujaisha. Mwanga huwaamsha nzi kabla ya wakati wao, na nzi aliyeamshwa na mwanga hasemi ukweli kuhusu baridi. Zamani wasomaji walihesabu kimoyomoyo gizani, kila mmoja kwa mwendo wake, na asubuhi ikaishia kwenye ubishi. Ni Anangisye aliyetunga ubeti wa kupimia muda. Hakufundishwa na mtu. Mizani alijifunza mwenyewe kwa kugonga vidole kwenye meza ya uji wa nzi, na hakuona haya kuwaambia watu kwamba ubeti ule ni mzuri. Sasa aliurudia wote, polepole, huku moyo ukimwenda mbio:

Lala wajina ulale, baridi ndiyo shukayo,
Ila damu isilale, ipige mbio na moyo,
Sauti yako ya mbele, niisikie ijayo,
Ukinyamaza milele, bonde ndiyo makaoyo.

Taa ikawaka. Rafu zikajitokeza, chupa kando ya chupa, kila moja na kizibo cha pamba na kibandiko cha jina. Ndani ya chupa karibu zote nzi wa matunda walikuwa wamelala chali juu ya uji wao, miguu imekunjwa, baridi imewashika, wengi wao siku yao ya kusomwa haijafika. Katika chupa moja tu walikuwa wakiruka.

"Ya nani?" aliuliza Daktari Nyagawa. Alijua ni ya nani. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kibena aliyevaa koti lilelile la sufi mwaka mzima, na alikuwa na tabia ya kumfanya mtu alitamke jambo zuri kwa kinywa chake mwenyewe.

"Ya Ikupa. Mtoto wa dada yangu Tusekile."

"Basi mpwa wako anabaki juu. Hongera, mjomba. Funga mdomo, watakuingia."

Anangisye akacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu ambaye hakuwa na shaka tangu mwanzo. "Damu ya Kyela hiyo, Dokta. Lini umesikia chupa yetu ikinyamaza?"

"Sijasikia," alisema Daktari, na hilo lilikuwa kweli. Akasogea hadi chupa iliyokuwa jirani na ya Ikupa. Nzi wake hawakutikisika. Akaigusa kwa kidole, akasubiri, akaigusa tena. "Mtoto wa akina Sigalla, mnaopakana nao. Andaa maneno ya kumwambia mama yake. Gari linashuka Ijumaa."

Kicheko cha Anangisye kikaisha chenyewe.

Watu walikuwa wamepanda kwenye uwanda wa Kitulo wakikimbia joto, wakakuta huku juu kuna adui mwingine. Watoto wachanga wa miaka ile ya kwanza walishikwa na ganzi: mtoto aliacha kurusha miguu, kisha mikono, kisha kifua. Daktari Nyagawa alimzika wa kwake, halafu akaingia maabara akitafuta sababu, na akaipata kwenye mafuta. Mafuta yote ni minyororo. Mnyororo ulionyooka hujipanga na wenzake kama kuni kwenye tita, na baridi ikija huganda, kama samli asubuhi. Mnyororo mrefu uliopindapinda haukubali kupangwa. Hubaki laini, na mishipa ya fahamu ya mtoto inauhitaji huo. Kiwanda cha mji kilitoa mafuta ya aina moja tu, ya mahindi, yenye minyororo mifupi. Mtoto mwenye jeni nzima huuchukua huo mfupi, akaurefusha na kuukunja mwilini mwake. Asiye nayo hawezi.

Ndiyo maana kila aliyezaliwa alitolewa tone la damu, jeni zake za mafuta zikapandikizwa kwenye mayai ya nzi, na nzi wale wakaitwa wajina wake. Walilishwa uji wa mahindi na hamira basi, ili lolote lililopinda miilini mwao liwe limetengenezwa na jeni. Kisha wakalazwa kwenye baridi. Walioamka mapema, mtoto wao alibaki. Walionyamaza, mtoto wao alishushwa na mama yake hadi bonde la Usangu, wakaishi chini ya mabati meupe, mchana ndani, usiku nje, mpaka mtoto ang'oe meno ya utoto. Ganzi haikufika kule. Joto lilifika, na wengi walioshuka hawakurudi. Lakini tangu usomaji uanze, Kitulo ilikuwa haijamzika mtoto kwa ganzi, na Daktari Nyagawa aliheshimiwa kama mtu aliyeuziba mto kwa mikono.

Kilichobaki kwa chupa ya Ikupa kilikuwa uthibitisho wa mashine, kazi ambayo Daktari alikuwa ameanza kumwachia juzi tu. Anangisye akaipeleka mezani, akang'oa kizibo cha pamba ili awatoe nzi wachache wa kuyeyushwa.

Harufu ikampiga usoni. Si uji, si hamira. Harufu aliyoijua tangu hajajua kusema: usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa juani na kukamuliwa mafuta.

Akarudisha kizibo haraka.

"Una nini?" aliuliza Daktari kutoka upande wa pili wa chumba.

"Baridi tu, Dokta."

*

Mashine ilichora vilele vyake kwenye kioo. Kilele cha mnyororo mrefu uliopinda kilikuwa pale, kirefu, cha kujivunia. Mtu mwingine angetia saini akaenda kunywa chai. Lakini Anangisye alikuwa amekwisha kunusa, na pua ikishajua jambo, macho hayawezi kujifanya hayajui. Pembeni ya kilele kile palikuwa na vingine vidogo ambavyo hakuna jeni ya mtu wala ya nzi inayovitengeneza kutoka kwenye mahindi. Hivyo ni vya samaki. Minyororo haikutengenezwa ndani ya nzi. Ilikuwa imeliwa tayari imepinda.

Kila mtoto alikuwa na chupa mbili. Moja ilitoka nje siku moja tu, siku ya kutambulishana, wakati familia iliruhusiwa kuipeleka nyumbani alasiri moja ikae kando ya mtoto. Daktari ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo miaka ya mwanzo, watu walipokuwa wakiwaita nzi wale wachawi. Alisema: wapeni wawaone, wawazoee, wawaite ndugu. Chupa ya pili, ya akiba, haikuondoka kwenye chumba cha nyuma, na haikuguswa ila ya kwanza ikifa.

Anangisye akaenda chumba cha nyuma. Akaipata ya Ikupa, iliyolala kwenye baridi ileile muda uleule. Akazima taa. Akasoma ubeti wake gizani, peke yake, sikio karibu na kioo.

Akausoma tena.

Alipofika "bonde ndiyo makaoyo" mara ya pili, alibandika sikio kwenye kioo. Chupa ilikuwa kimya kama jiwe la mtoni.

*

Mama yake, Bi Subilaga, alikuwa jikoni akipepeta mchele. Tusekile alikaa kwenye mkeka akimnyonyesha Ikupa, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umetoka nje ya blanketi na unarusha mateke hewani.

"Mama," alisema Anangisye bila salamu, "siku chupa ilipokuja hapa uliitia nini?"

"Ugonile na wewe," alijibu mama yake kwa salamu ya Kyela. "Umesoma mafuta ya nzi mpaka umesahau kumsalimia aliyekupaka mafuta wewe?"

"Shikamoo, Mama. Uliitia nini?"

"Marahaba. Niliionjesha ziwa. Kwani?"

"Uliionjesha!"

"Usinipigie kelele ndani ya moshi wangu. Nilichukua tone la usipa kwa ncha ya kidole, nikapenyeza kwenye pamba. Viumbe vinabeba jina la mjukuu wangu, vinaingia nyumbani kwangu mara ya kwanza, mimi nivitazame tu kama wapita njia? Hapa anayeingia mara ya kwanza anaonja. Ikupa ameonja. Mume wa Tusekile alionja akatapika, tukamkubali hivyohivyo. Nyie mlituambia hao ni ndugu. Ndugu halishwi?"

Tusekile alicheka, kisha akamwona kaka yake usoni, akaacha.

"Ni wewe peke yako unayefanya hivyo, Mama?"

"Peke yangu kwa nini? Wote tuliopanda kutoka Kyela, kando ya ziwa. Kila bibi." Akatikisa ungo. "Hata ya kwako niliionjesha. Wewe ulikuwa wa kundi la kwanza kabisa. Chupa yako ililia kama nyuki, Daktari akashika kiuno."

Anangisye akakaa chini. Alikuwa ametunga shairi refu juu ya damu yake, damu isiyoganda, damu ya ukoo uliochaguliwa na baridi yenyewe, na alikuwa amelisoma mbele ya watu na kupigiwa makofi. Daktari naye alikuwa amefundisha kwa miaka kwamba watu wa Kyela wamejaliwa jeni imara. Na muda wote huo ilikuwa ncha ya kidole cha bibi.

"Kaka," alisema Tusekile taratibu. "Ile nyingine. Ya akiba."

"Iko kimya."

Ikupa alimaliza kunyonya, akacheua, akaendelea kurusha mguu.

"Nani anajua?" aliuliza Tusekile.

"Mimi. Na sasa nyinyi."

"Basi imwage. Imwage ile ya akiba, usafishe chupa, utie saini. Nani atauliza? Zote zetu zimepita hivyohivyo!"

"Tuse..."

"Usiniite Tuse! Unataka kunipeleka Usangu kwa sababu ya harufu?" Alikuwa amesimama, mtoto kifuani. "Watoto wetu wangapi wameonjeshwa wakabaki? Nani aliyepata ganzi? Mtaje mmoja!"

Anangisye alifungua mdomo amjibu kwa hasira ileile, kwa maana wote wawili walinyonya ziwa moja. Lakini swali lilimzuia. Mtaje mmoja. Alipita kichwani nyumba hadi nyumba, akina Mwakyoma, akina Mwaipopo, watoto wote waliocheza naye kwenye baridi. Haiwezekani wote wawe na jeni nzima. Yeye mwenyewe huenda hana.

"Mama, Ikupa unampa lini?"

"Usipa? Kila siku. Kidole asubuhi. Na huyu anayemnyonyesha anakula bakuli zima, nimemlazimisha."

"Na sisi ulitupa hivyo?"

"Mpaka mkaota meno ya kuning'ata."

Akautazama ule mguu mdogo unaopiga hewa. Nzi asiye na jeni alikula samaki, na mnyororo uliopinda ukaingia mwilini mwake, akaruka kwenye baridi. Mtoto asiye na jeni alikula samaki, na mguu huu hapa. Kidole kiliharibu kipimo, ndiyo. Lakini palepale kiliponya kile ambacho kipimo kilikuwa kinakitafuta.

Upande wa pili wa ukuta, nyumbani kwa akina Sigalla, mtoto alikuwa akilia na mama yake akimwimbia. Wao hawakutoka Kyela. Chupa yao hakuna aliyeionjesha kitu, wala mtoto wao.

Tusekile aliyafuata macho yake hadi ukutani. "Najua unawaza nini," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Ukisema, huenda yule akabaki. Usiposema, wangu anabaki kwa hakika. Mimi ni mama wa huyu, Anangisye. Usiniombe niwe mama wa wote."

"Sikuombi."

"Basi?"

Alimbusu mtoto kwenye unyayo, akachukua kichupa cha usipa kutoka rafuni, akatoka.

*

Daktari Nyagawa alizitazama chupa mbili zilizowekwa mbele yake, moja ikivuma, nyingine kimya, na kati yao kichupa cha mafuta ya samaki. Anangisye alimweleza yote akiwa amesimama. Hakupunguza kosa la mama yake, na hakulipamba.

"Miaka yote hii," alisema Daktari. "Kila bibi."

"Kila bibi."

"Na mimi ndiye niliyewapa chupa mikononi."

"Uliwaambia ni ndugu, Dokta. Wakaamini."

Anangisye alidhani Daktari angefoka. Badala yake Daktari alivua miwani, akaishika mapajani. "Nzi si mtoto," alisema hatimaye. "Nzi mmoja amekula samaki akaamka. Watoto wa Kyela hawakupata ganzi, lakini huenda jeni zao ni nzima kweli, na chupa moja ya akiba haisemi juu ya nyingine ambazo hatukuzisoma. Mwanafunzi angeniletea ushahidi huu ningemrudisha darasani."

"Najua."

"Tukikuza nzi upya, kikundi kwa usipa, kikundi bila usipa, hawatakuwa tayari kabla ya Ijumaa."

"Hilo nalo najua."

"Na ukweli wako ukiwa uongo, mtoto atakufa. Taratibu, kuanzia miguuni. Nimeona." Kisha akasema neno ambalo Anangisye hakulitarajia: "Na ukiwa kweli, ni vibaya zaidi. Kama ilikuwa ni kidole cha mafuta tu, Anangisye, mwanangu alikufa soko la Kyela likiwa chini ya mlima."

Chupa ya Ikupa ilivuma kati yao.

Anangisye hakujua kufariji. Alijua kubisha, kughani na kunyoosha shingo. Akafanya alichokijua: "Sheria ya kushika bado ipo, Dokta?"

Macho ya Daktari yaliinuka. Sheria ile aliitunga mwenyewe, wakati watu hawajamwamini. Msomaji akiitilia shaka chupa, aweza kumshika mtoto asishushwe mpaka nzi wakuzwe upya. Kila msomaji mtoto mmoja. Si wa damu yake. Hatii saini popote. Hufika mlangoni kwa mama akamwambia kwa kinywa. Na mtoto akipatwa na ganzi, aliyemshika hushuka Usangu kwa gari linalofuata, asirudi tena.

"Huwezi kumshika Ikupa," alisema.

"Sijamtaja Ikupa."

"Wasomaji tumebaki wawili."

"Ndiyo, tumebaki wawili."

Kuomba hakujua, na hata angejua, asingemwomba mwanamke aliyetoka kumtaja marehemu wake. Alichukua kichupa cha usipa, akaacha chupa za Ikupa mezani, akatoka bila kugeuka. Ilikuwa safari ngumu kuliko zote alizowahi kutembea, ingawa haikuzidi uwanja mmoja na vichochoro viwili.

Mama Sigalla alifungua mlango akiwa na mzigo nusu umefungwa nyuma yake. Alikuwa ameshaambiwa, habari za chupa kimya hutangulia. Alimwangalia Anangisye kama mtu anavyomwangalia aliyekuja kupima jeneza.

"Fungua mzigo, dada," alisema Anangisye. "Nimemshika mwanao. Mpe mafuta haya kwa ncha ya kidole kila asubuhi, na wewe mwenyewe ule samaki, mama yangu atakuletea hata ukikataa. Yananuka. Vumilia."

Mwanamke alitazama kichupa, akamtazama yeye. "Na wenu? Si tumesikia chupa yenu imelia?"

"Yetu ni hadithi nyingine," alisema, akaaga.

*

Aliporudi nyumbani alikuta viatu vizito mlangoni, na ndani sauti ya mama yake ikiwa juu.

"Uwe daktari, uwe nani! Hujawahi kuingia humu. Fungua mdomo."

Daktari Nyagawa alikuwa amesimama katikati ya jiko na koti lake la sufi, chupa kimya ya Ikupa imekumbatiwa mkononi. Aliinama kidogo, maana Bi Subilaga alikuwa mfupi, akafungua mdomo kama mtoto. Kidole kikaingia na kutoka. Uso wake ukakunjamana, machozi yakamjaa machoni, na hakuna aliyejua yalikuwa ya harufu au ya nini. Akameza.

"Haya," alisema Bi Subilaga, sauti imeshuka. "Sasa umefika. Sema lililokuleta."

Daktari akageuka kwa Tusekile, aliyekuwa amejibana ukutani na mtoto, tayari kupigana na yeyote.

"Tusekile," alisema, kwa sauti iliyopita ukuta hadi kwa akina Sigalla, "chupa ya mwanao iko kimya, na mimi nimemshika. Gari la Ijumaa litashuka bila yeye. Kila asubuhi nitakuja hapa mwenyewe kumtazama miguu, mpaka nzi wapya waseme. Akiacha kurusha hata mmoja, mimi ndiye nitakayeshuka."